Nani Amsomeshe Tabibu wa Zahanati?

Machi 2017 madaktari wa Kenya walikuwa wametoka kwenye mgomo wa siku 100. Ujumbe wa serikali yao ulikuja Dar es Salaam kuomba kuazimwa madaktari 500, na Rais John Magufuli akakubali. Wizara ya Afya ikatangaza nafasi, vijana wakaomba, na 258 wakaonekana wamekidhi vigezo. Kabla hawajafunga mizigo, mahakama ya Kenya ikauzuia mpango baada ya madaktari wa huko kwenda kushtaki. Aprili ikatangazwa kwamba wale 258 wataajiriwa hapahapa nyumbani.

Wengi walishangilia uamuzi huo, na ulistahili kushangiliwa. Lakini ulizua swali ambalo halijajibiwa hadi leo: hao 258 walikuwa wapi siku zote? Katika miaka hiyo karibu nusu ya nafasi za watumishi wa afya zilizomo kwenye ikama ya serikali zilikuwa wazi. Zahanati kadhaa ziliendeshwa na mhudumu mmoja, pengine asiyesomea kutibu. Wakati huohuo, madaktari waliosoma miaka mitano na kumaliza mwaka wa mafunzo kazini walikuwa mitaani, tayari kuvuka mpaka kutafuta kazi. Kama daktari alikuwa hana kituo, hali ya tabibu, muuguzi na mkunga, ambao ndio wanaobeba afya ya msingi, ilikuwaje?

Tuelewane kwanza kuhusu nani tunamzungumzia. Kijijini kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Ukweli ni kwamba mgonjwa wa zahanati, mara nyingi sana, hupokewa na tabibu mwenye stashahada ya miaka mitatu, au na muuguzi mkunga. Hao ndio wanaopima malaria, wanaozalisha usiku kwa taa ya simu, wanaoamua kama mtoto apelekwe hospitali ya wilaya au asubiri kesho. Mafunzo yao ndiyo mada yangu, pamoja na fedha za umma zinazopaswa kuyagharamia. Ninaamini kwamba anayelipia mafunzo ndiye anayeamua nani aingie darasani, na kwa kiasi kikubwa ndiye anayeamua mhitimu atakwenda kufanya kazi wapi. Tangu serikali ilipoanza kujiondoa kwenye malipo hayo, imekuwa ikipoteza uamuzi huo kidogo kidogo.

Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Tanganyika ilipata uhuru ikiwa na madaktari wazalendo 12 tu. Nchi ya namna hiyo isingeweza kungoja madaktari wa chuo kikuu ndipo iwatibu wakulima. Mafunzo ya madaktari wasaidizi yalianza mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa miaka ya 1970, serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya kwa kasi, kisha ikafungua vyuo vya kuandaa watumishi wa kuvijaza. Vijana wa darasa la saba walisomeshwa miaka mitatu kuwa waganga wasaidizi wa vijijini. Wa kidato cha nne walikwenda kwenye vyuo vya matabibu kama vile Mtwara, Lindi, Mafinga na Maswa. Serikali ililipa ada, chakula, malazi na sare. Mwanafunzi alipomaliza alipewa barua ya kituo cha kazi, akapanda basi, akaripoti. Ulimwengu ulipokutana Alma-Ata Septemba 1978 kutangaza afya ya msingi kuwa haki ya kila mtu, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokwenda na mfano mkononi.

Sitaki kuipamba enzi hiyo kupita kiasi. Dawa zilikwisha, baadhi ya waganga walifundishwa mambo machache mno, na kulikuwa na kundi moja ambalo mfumo ulilitelekeza tangu mwanzo, nalo ni la wasaidizi wa afya waliochaguliwa na vijiji vyao, wakafundishwa miezi michache kwenye hospitali ya wilaya na kurudishwa nyumbani. Ilitarajiwa kijiji ndicho kiwalipe. Vijiji havikuwa na fedha hizo, na wengi wao wakarudi shambani. Kosa hilo tulikumbuke, kwa sababu tumelirudia.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Mageuzi ya uchumi yalileta uchangiaji wa gharama: Julai 1993 wagonjwa wa hospitali za serikali walianza kulipia, na vyuo navyo vikaanza kuwatazama wazazi. Zaidi ya yote, ajira serikalini zilisimamishwa. Ikumbukwe kwamba walimu na waganga waliokuwa kazini waliendelea kuzeeka, kustaafu na kufa, na huu ulikuwa wakati Ukimwi unaua watu wengi wa umri wa kufanya kazi. Wahitimu wapya hawakuajiriwa, vyuo vikapunguza wanafunzi, vingine vikalala. Nchi ilikaa takriban muongo mmoja bila kujaza pengo, na pengo la muongo mmoja kwenye taaluma halizibwi kwa mwaka mmoja. Mganga ambaye hakuajiriwa mwaka 1995 ndiye ambaye mwaka 2010 angekuwa mkufunzi au mganga mfawidhi wa kituo cha afya, mwenye uzoefu wa kumshika mkono kijana mpya.

Mwaka 2007 serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa miaka kumi: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Ulihitaji watu wengi mno, hivyo udahili vyuoni uliongezwa. Vyuo vilivyolala viliamshwa, vya makanisa vikapanuliwa, na vya watu binafsi vikachipuka kila mkoa. Ukiangalia idadi ya wanafunzi peke yake, hayo yalikuwa mafanikio. Lakini ukiuliza nani aliyelipa, hadithi inabadilika, kwa kuwa aliyelipa upanuzi ule, kwa sehemu kubwa, alikuwa mzazi.

Fikiria binti wa Liwale au Kakonko aliyefaulu biolojia na kemia kidato cha nne. Amepangiwa chuo. Orodha inayokuja na barua ya kujiunga haina ada peke yake. Kuna malazi, chakula, sare, viatu, kifaa cha kupimia shinikizo la damu, fedha ya mitihani, bima ya afya, na nauli na pango wakati wa mafunzo kwa vitendo, ambayo pengine yatafanyika wilaya nyingine kabisa. Kwa familia inayouza ufuta mara moja kwa mwaka, huo ni uamuzi wa kuuza shamba au kuuza ng'ombe wote. Wako wanaouza. Wengi zaidi hawana cha kuuza, na nafasi ya binti huyo inachukuliwa na kijana wa mjini ambaye mzazi wake ana mshahara.

Simlaumu kijana wa mjini, ana haki ya kusoma. Ila tafiti za nchi nyingi zinaonyesha jambo lilelile, na Shirika la Afya Duniani liliweka wazi katika mwongozo wake wa 2010: aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi na kubaki kufanya kazi kijijini. Tunapowaachia wazazi jukumu la kulipa, tunawachuja nje walewale ambao wangebaki Liwale. Baadaye tunafanya vikao vya kujadili kwa nini watumishi wanaomba uhamisho miezi sita baada ya kuripoti. Naye aliyeuziwa shamba ili asome ana deni la heshima nyumbani. Atakwenda penye mshahara wa haraka, duka la dawa la mjini au zahanati binafsi, au ataacha fani kabisa.

Kuna upande wa ubora pia, nao haujadiliwi vya kutosha. Chuo kinachoishi kwa ada kinapata nafuu kwa kujaza darasa. Darasa linaweza kuongezwa viti, lakini wodi haiongezeki vitanda kwa sababu chuo kimepata wanafunzi wapya. Hospitali moja ya wilaya hupokea wanafunzi wa vyuo vitatu au vinne kwa pamoja, wa utabibu, wa uuguzi na wa maabara, wote wakihitaji kumwona mgonjwa yuleyule, na muuguzi wa zamu akihitaji pia kufanya kazi yake. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitatu akiwa ameshuhudia uzazi mgumu mara chache tu, tena akiwa nyuma ya migongo ya wenzake. Hospitali inayowapokea hailipwi ipasavyo kwa kazi ya kufundisha, wala muuguzi anayewaelekeza hapunguziwi wagonjwa. Mafunzo kwa vitendo ndiyo sehemu ghali kuliko zote na ndiyo inayomjenga mganga. Kwenye bajeti yetu, hiyo ndiyo sehemu isiyo na mwenyewe.

Turudi kwenye swali la nani analipa. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria Na. 9 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kwa karibu miongo miwili mkopo huo ulikuwa wa shahada, isipokuwa kwa mafungu machache maalumu. Hivyo mwanafunzi wa udaktari aliweza kukopeshwa, lakini wa stashahada ya utabibu, ambaye kwa kawaida ndiye aliyetoka familia yenye kipato kidogo zaidi, hakupata kitu. Mlango ulifunguliwa mwaka wa masomo 2023/24, mikopo ilipoanza kutolewa kwa stashahada za fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Ni hatua njema, ilichelewa, na naiunga mkono.

Hata hivyo mkopo si ufadhili wa kazi ya umma. Mkopo unasema: huu ni uwekezaji wako, utaulipa. Sheria inakata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika aliyeajiriwa. Kwa daktari wa mjini mwenye kliniki ya jioni hilo ni jambo la kubebeka. Kwa tabibu wa ngazi ya kuanzia kwenye zahanati ya mbali, asiye na pato la pembeni, ni fedha aliyotegemea kula. Mkopo pia haumfungi mtu na kituo. Anayekwenda kuhudumia kijiji kisicho na barabara anakatwa sawasawa na anayebaki jijini. Kama tungetaka mkopo ufanye kazi ya afya ya msingi, tungeuandika hivi: kila mwaka wa utumishi kwenye halmashauri yenye upungufu mkubwa unafuta sehemu ya deni. Hilo halihitaji fedha mpya nyingi, linahitaji Bodi na halmashauri zisomane kwenye kompyuta.

Hapa ndipo tunafika kwenye fundo lenyewe. Vyuo vya serikali vya afya viko chini ya Wizara ya Afya. Mitaala na udahili vinasimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, yaani TAMISEMI. Kibali cha ajira kinatoka Utumishi. Mshahara unatoka Hazina. Kila ofisi inafanya sehemu yake na kuandika taarifa nzuri ya sehemu hiyo. Idadi ya wahitimu inapanda kwa upande mmoja, na idadi ya nafasi zenye kibali inapangwa upande mwingine kwa kuangalia bajeti ya mishahara. Namba hizo mbili hazijawahi kulazimishwa kukaa kwenye karatasi moja. Ndiyo maana tunaweza kuwa na upungufu na ukosefu wa ajira kwa wakati mmoja, bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Matokeo yake yanaonekana kwenye vituo vyetu leo kwa jina la kujitolea. Kijana mwenye leseni anafanya kazi miaka miwili au mitatu bila ajira, akilipwa posho ndogo ya makusanyo ya kituo pale yanapopatikana. Anapiga zamu za usiku, anachoma sindano, anazalisha. Anaitwa wa kujitolea ingawa kituo kingefungwa bila yeye. Ninaona aibu kila ninapokutana na vijana hawa, kwa sababu wazazi wao walilipa ada ambayo serikali ilipaswa kulipa, na sasa wanalipa nauli ya kwenda kazini ambako serikali ilipaswa kuwalipa mshahara.

Majirani zetu hawako mbali nasi. Kenya ina chuo kikongwe cha mafunzo ya afya, KMTC, kilichoanza 1927 na ambacho sasa kina matawi zaidi ya 70, na Bodi yake ya Mikopo imekuwa ikiwakopesha wanafunzi wa KMTC. Lakini baada ya ugatuzi wa 2013 mafunzo yalibaki kwa serikali kuu na ajira zikaenda kaunti, na pengo lilelile likajitokeza. Mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, ulichochewa kwa sehemu kubwa na malipo ya madaktari walio kwenye mafunzo kazini: mkataba wa 2017 ulisema takriban shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. Walipomaliza chuo, nchi haikuwa imekubaliana nani atabeba mwaka wao wa mwisho wa mafunzo.

Ethiopia ilifanya tofauti mwaka 2003. Ilichagua wasichana waliomaliza darasa la kumi kutoka maeneo yao wenyewe, ikawasomesha mwaka mmoja kwa gharama ya umma, ikawarudisha kwao wakiwa waajiriwa wenye mshahara wa serikali. Ndani ya miaka michache walizidi 30,000. Mpango huo una matatizo yake, lakini kitu kimoja walikipata sawasawa: aliyeamua nafasi ya chuo ndiye aliyeandaa nafasi ya kazi.

Sisi katikati ya miaka ya 2010 tulianzisha cheti cha mwaka mmoja cha wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Vijana walijiunga, wengi kwa ada za wazazi, wakahitimu, na kada yao haikuajiriwa. Lilikuwa kosa lilelile la wasaidizi wa vijiji wa miaka ya 1970, safari hii likiwa na cheti. Januari 2024 ulizinduliwa mpango mpya wa miaka mitano wa kuwafikia wahudumu 137,294, wawili kila kitongoji au mtaa, kwa mafunzo ya miezi sita na posho. Ninauombea heri. Mafanikio yake yatategemea kama posho ile itakuwa kifungu cha kudumu kwenye bajeti, au itasubiri wafadhili.

Na wafadhili tumewaona. Taasisi ya Mkapa, iliyoanzishwa 2006, ilipeleka watumishi wilaya ngumu wakati serikali haikuweza, na ilifanya kazi ya kuheshimika. Makanisa yamesomesha wauguzi tangu kabla ya uhuru, na vyuo vyao vingi viko vijijini hasa. Lakini Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wa mikataba ya miradi waliambiwa wabaki nyumbani, baadhi kwa taarifa ya siku chache. Kliniki walizokuwa wakihudumia zilibaki na wagonjwa wao. Mtumishi wa afya ya msingi akilipwa na nchi nyingine, uchaguzi wa nchi hiyo unamfikia mama mjamzito wa Shinyanga.

Kuna jambo moja linaniuma kuliko mengine, nalo ni habari ya madaktari wasaidizi. Tabibu aliyefanya kazi angalau miaka mitatu alirudi chuoni miaka miwili, akatoka akiwa na uwezo wa kufanya upasuaji wa dharura. Utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma, uliochapishwa 2009, ambao marehemu Dk. Godfrey Mbaruku alikuwa miongoni mwa waandishi wake, ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya upasuaji wa uzazi katika hospitali zilizochunguzwa ulifanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakuwa na tofauti ya maana na ya madaktari wenye shahada. Ilikuwa ngazi ambayo mtoto wa mkulima aliweza kuipanda akiwa kazini, kwa gharama ndogo, bila kuhama nchi au hata mkoa. Katika muongo wa 2010 mafunzo hayo yalisitishwa, kwa hoja kwamba nchi sasa ina madaktari wa kutosha vyuoni.

Angalia yaliyotokea kwa wakati huohuo. Serikali ilikuwa ikipanua mamia ya vituo vya afya na kuviwekea vyumba vya upasuaji, na tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ikachangia kujenga vituo vya tarafa. Majengo ni mazuri, nimeyaona, na mama aliyekuwa akisafiri kilomita 60 ana haki ya kuyafurahia. Lakini tulijenga vyumba vya upasuaji huku tukifunga chuo cha mtu aliyezoea kufanya upasuaji humo. Jengo linazinduliwa kwa utepe, hivyo hupata fedha. Mtu anachukua miaka mitano kuiva na hana utepe.

Najua pingamizi litakalotolewa. Serikali ikimlipia kila mwanafunzi, fedha zitatoka wapi, na nani atahakikisha hatoroki? La kwanza, sipendekezi kila mwanafunzi wa afya. Napendekeza nafasi chache zenye jina: kila halmashauri yenye upungufu iainishe kwenye ikama yake matabibu na wakunga itakaowahitaji miaka mitatu ijayo, ichague vijana wake, serikali ilipe kila kitu pamoja na mafunzo kwa vitendo, na kibali cha ajira kiandikwe siku ya udahili. Vyuo vya makanisa vilipwe kwa nafasi hizo kama vile hospitali zao zinavyolipwa kwa mkataba pale zinapokuwa hospitali teule za wilaya. La pili, kutoroka kupo, lakini mtu hutoroka zaidi pale ambapo ahadi ni ya upande mmoja. Aliyeahidiwa nyumba, mshahara wa mwezi wa kwanza kwa wakati, na nafasi ya kurudi kusoma baada ya miaka minne ana sababu ya kubaki. Ngazi ile ya daktari msaidizi irudishwe, kwa jina lolote watakalopenda.

Kuhusu fedha, mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Tanzania ilitia saini. Hatujafika. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamwahidi kila Mtanzania huduma, na mwenye kadi akikuta zahanati haina tabibu, kadi yake haimsaidii.

Kwa hiyo ombi langu ni kwenu wabunge, mnapokaa Dodoma kuanzia Aprili kila mwaka kupitisha mafungu. Kabla ya kusema ndiyo kwenye fungu la Wizara ya Afya na la TAMISEMI, waombeni mawaziri wote wawili walete karatasi moja yenye safu tatu: matabibu na wakunga watakaohitimu mwaka huu kwa kila mkoa, nafasi zilizo wazi kwenye ikama ya zahanati za mkoa huo, na vibali vya ajira vilivyotolewa. Safu hizo zikikataa kulingana, msipitishe fungu hadi zilingane.